Mita mia tano za kwanza: kujiandaa kwa mbio za baiskeli za mlimani

Laikipia haina upungufu wa watu wanaoijua baiskeli. Kuna mwanafunzi anayeendesha kilomita nane kwenda shule na nane kurudi, mchuuzi wa maziwa anayetoka Marmanet na mitungi kabla jua halijachomoza, na kijana wa Nanyuki aliyepata baiskeli ya mtumba yenye gia na ambaye kila Jumamosi huipandisha hadi ukingo wa msitu wa Mlima Kenya. Wote hawa wana miguu na mapafu ya kushindana. Wasichokuwa nacho, wengi wao, ni mazoea ya kuendesha katikati ya watu mia mbili wanaotaka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Hilo ndilo linalomsubiri anayejiandikisha kwa mara ya kwanza katika mbio ambazo washiriki wote huanza pamoja. Yapo mashindano ambayo waendeshaji huachiliwa mmoja mmoja, kila mtu na saa yake, lakini mbio nyingi za mlimani haziko hivyo. Mchezo huu ulipoingia katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, washiriki walipangwa nyuma ya mstari mmoja na kuachiliwa kwa ishara moja, na ndivyo unavyoendeshwa hadi leo. Hapa nchini, eneo la Mlima Kenya linajulikana kwa mbio za 10to4, zinazoandaliwa na shirika la Mount Kenya Trust kuchangisha fedha za uhifadhi. Jina lake linatokana na mteremko wenyewe: kutoka futi 10,000 mlimani hadi futi 4,000 kwenye tambarare.

Anayejiandaa kwa mbio za aina hii kwa kawaida huuliza anunue baiskeli gani, afanye mazoezi kiasi gani na ale nini. Ni maswali ya haki na yatajibiwa. Lakini lipo jingine ambalo lafaa litangulie, kwa sababu ndilo linaloamua kama mtu atamaliza mbio au atazimalizia kwenye ambulensi: atafanya nini katika mita mia tano za kwanza?

Baada ya kipenga

Mbio huanzia mahali papana, kama vile uwanja wa shule au barabara ya murram. Baada ya mita mia kadhaa upana huo huisha, na mbele huwa pana kijia cha ng'ombe, daraja la magogo au lango la ua linalopitisha baiskeli moja tu kwa wakati. Kila mshiriki anajua hivyo na kila mmoja anataka kufika pale kabla ya wenzake. Basi watu hukimbia kwa kasi wasiyoweza kuidumisha, wakiwa wamebanana bega kwa bega, ndani ya vumbi linalomzuia aliye katikati kuliona shimo hadi gurudumu limeshaingia.

Hesabu ya lango ni rahisi. Likipitisha mtu mmoja kila sekunde mbili, watu 200 watahitaji sekunde 400, yaani karibu dakika saba. Aliye mwisho atashuka na kusukuma baiskeli hata awe na nguvu za simba. Mgeni asiyelijua hili hukasirika, akaanza kujipenyeza pembeni na kugonga watu viwiko. Anayelijua hunywa maji, hutuliza pumzi na kungoja zamu yake. Katika mbio za saa nne, dakika hizo hazimwondolei kitu cha maana mtu ambaye shabaha yake ni kumaliza, na huko mbele atawakuta wengi waliozitumia nguvu zao zote kuwahi lango wakiwa wamekaa kando ya njia.

Katika msongamano huo, kosa linaloangusha watu ni moja zaidi ya yote. Mtu humfuata mwenzake kwa karibu hadi gurudumu lake la mbele likawa ubavuni mwa gurudumu la nyuma la yule aliye mbele. Aliye mbele akisogea kidogo kukwepa jiwe, magurudumu hugusana. Aliye mbele mara nyingi huendelea na safari, pengine asijue kilichotokea. Aliye nyuma hupoteza usukani papo hapo, na wanaomfuata humwangukia. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya kuendesha katika kundi ni hii: gurudumu la mbele likae nyuma ya mwenzako, au upite kabisa. Katikati ya hayo mawili si mahali pa kukaa.

Si wageni pekee wanaoweza kudhurika. Agosti 2022 Mkenya Suleiman Kangangi, mwendeshaji wa kulipwa aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017, alifariki baada ya kuanguka katika mbio za barabara za changarawe jimboni Vermont, Marekani. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Habari hiyo inatajwa hapa kwa sababu wako wanaodhani kwamba helmeti, mafunzo na ambulensi ni mambo ya watu waoga.

Kujifunza msongamano uwanjani

Uzuri ni kwamba ujuzi huu hauhitaji fedha. Unahitaji marafiki watano au sita, uwanja wenye nyasi na saa moja kila wiki.

Zoezi la kwanza ni la watu wawili kuendesha polepole sambamba hadi viwiko viguse, kisha mabega, huku macho yakitazama mbele. Mwili wa mtu asiyezoea hukakamaa unapoguswa, mikono hunyooka na baiskeli huyumba. Baada ya majaribio kadhaa mikono hulegea, na mguso hubaki mguso tu. Nyasi ni za lazima hapa, kwa maana kuanguka kutakuwapo.

Zoezi la pili huiga mwanzo wenyewe. Mawe mawili huwekwa umbali wa mita thelathini, yakiacha nafasi ya baiskeli moja. Wote sita hupanga mstari, mmoja hupiga kipenga na wote huelekea kwenye nafasi ile. Mara za kwanza huwa ni vurugu na vicheko. Polepole kila mtu hujifunza kuona mapema nani atatangulia, na kwamba kuachia nusu sekunde kabla ya mawe ni nafuu kuliko kufunga breki kwenye mawe.

Zoezi la tatu ni sauti. Kwa kuwa hapa nchini tunapita upande wa kushoto wa barabara, anayepita mwenzake kwa kawaida hupitia kulia, lakini kwenye kijia cha porini nafasi hupatikana popote. Ndiyo maana mtu husema mapema: "Napita kulia", au "Napita kushoto", kisha husubiri nafasi ipatikane. Anayepitwa hana haja ya kuruka vichakani. Anachotakiwa ni kushika mstari wake bila kuyumba. Kupaza sauti "Toka!" hakumwambii mtu atoke kwenda wapi.

Breki iko mkono gani?

Baiskeli si lazima iwe ghali, lakini lazima isimame. Black Mamba, pamoja na sifa zote ilizojipatia kwa kubeba magunia ya viazi, haifai kwa mteremko mrefu wenye mawe, kwa sababu breki zake za vyuma hazina nguvu ya kutosha na uzito wake ni mkubwa. Baiskeli ya mtumba yenye gia na fremu nzima inatosha kabisa kwa mbio za kwanza.

Kwenye mtumba kuna mtego ambao wanunuzi wengi hawaujui. Baiskeli zilizoundwa kwa soko la Uingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Zile za Marekani na za nchi nyingi za bara Ulaya huwa nayo mkono wa kushoto. Zote huuzwa hapa, wakati mwingine katika duka moja. Aliyezoea upande mmoja akiazima baiskeli ya upande mwingine asubuhi ya mbio, atafika mteremko wa kwanza, atabana breki anayodhani ni ya nyuma, na gurudumu la mbele litafunga. Fundi anaweza kubadilisha nyaya pande kwa muda mfupi. Kama breki ni za mafuta kazi ni kubwa kidogo, lakini yafaa ifanywe wiki kadhaa kabla, ili mikono ipate kuzoea.

Vitu vingine vya kukagua ni nyufa kwenye fremu, hasa mahali mabomba yanapoungana, spoki zilizolegea, na cheni iliyokwisha. Cheni ipakwe mafuta mepesi ya baiskeli kisha ipanguswe kwa kitambaa. Mafuta machakavu ya injini kutoka gereji ya bodaboda hukusanya vumbi na kugeuka msasa unaokula meno ya gia. Kuhusu helmeti, ile ya mtumba haifai hata ikiwa inang'aa, kwa kuwa hakuna awezaye kujua iliwahi kugonga nini. Povu lake la ndani hufanya kazi mara moja tu. Helmeti ikae mlalo, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ubane kiasi cha kuingiza kidole chini ya kidevu.

Miiba na udongo mweusi

Laikipia ina adui mmoja ambaye vitabu vya mazoezi kutoka ng'ambo humtaja kwa nadra: mwiba. Miiba ya migunga huanguka njiani, na mbigili hujificha kwenye mchanga. Wenye uwezo hutumia tairi zisizo na tyubu, zenye majimaji ya kuziba matundu. Majimaji hayo hukauka baada ya miezi michache, na katika joto letu hukauka upesi zaidi, kwa hivyo huongezwa kabla ya mbio. Wengine wote wabebe tyubu mbili, viraka, pampu na vijiti vya kung'olea tairi.

Kubeba vifaa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuweza kubadilisha tyubu chini ya dakika kumi bila fundi. Kosa la kawaida ni kuweka tyubu mpya bila kupitisha vidole polepole ndani ya tairi kutafuta mwiba uliotoboa ya kwanza. Ukiachwa humo, utatoboa ya pili baada ya mita hamsini.

Upepo wa tairi nao una kipimo chake. Wengi huenda kituo cha petroli na kujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe. Tairi la namna hiyo hurukaruka juu ya mawe na huteleza kwenye kona. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi pana zenye tyubu, kati ya psi 25 na 35 huwa ni mahali pazuri pa kuanzia. Kushuka chini sana nako kuna hatari yake, kwani jiwe huibana tyubu dhidi ya rimu na kuikata.

Mvua ikinyesha, mambo hubadilika. Udongo mweusi wa tambarare za Laikipia hushikamana na tairi, hujaa kati ya gurudumu na fremu na kuifanya baiskeli isizunguke kabisa. Hapo nguvu hazisaidii kitu. Mwenye uzoefu hushuka, hutembea kwenye nyasi za pembeni, na huwa amebeba kijiti cha kuparuzia matope.

Mazoezi na chakula

Wiki nane zinamtosha mtu ambaye tayari anaendesha baiskeli mara kwa mara, kwa siku tatu kila wiki. Siku moja iwe ya mwendo mrefu, siku moja ya milima, na siku moja ya kundi uwanjani kama ilivyoelezwa. Mwendo mrefu upimwe kwa saa, si kwa kilomita, kwa sababu kilomita ishirini za lami na kilomita ishirini za mawe hazifanani. Kama mbio zinatarajiwa kumchukua saa nne, siku yake ndefu zaidi ya mazoezi ifikie saa tatu hivi. Wiki ya mwisho mazoezi yapunguzwe kwa nusu. Anayejaribu kufidia wiki alizopoteza katika siku tatu za mwisho huja kwenye mstari akiwa tayari amechoka.

Nanyuki iko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Nyahururu zaidi ya mita 2,300, ambako shinikizo la hewa ni karibu theluthi mbili hadi nne kwa tano ya lile la Mombasa, kutegemea mtu amepanda kiasi gani mlimani. Mgeni kutoka pwani atahisi hilo dakika ya kwanza. Lakini hata mwenyeji hana msamaha: mwendo wa kasi wa dakika mbili za mwanzo unaweza kumlipisha saa nzima.

Chakula cha mbio ni kile ambacho tumbo linakijua. Uji, viazi vitamu, ndizi na chai vimebeba wanariadha wa nchi hii muda mrefu kabla ya pakiti za rangi kufika madukani. Mlo wa asubuhi uliwe saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Githeri ni chakula kizuri, ila si asubuhi hiyo. Njiani, ndizi moja au kiazi kila baada ya nusu saa na chupa moja ya maji kwa saa ni kiasi kinachowafaa wengi, na jua likiwa kali maji yaongezwe. Yote yajaribiwe kwanza katika mazoezi.

Asubuhi ya mbio

Ikiwezekana, kilomita ya kwanza ya njia itembelewe siku moja kabla. Anayejua kwamba kona ya kwanza inapinda kushoto na kwamba lango liko baada ya mtaro ana faida kuliko mwenye baiskeli ya bei.

Mgeni asimame theluthi ya nyuma ya kundi, upande wa ukingoni. Pale kuna mlango wa kutokea iwapo watu wataanguka mbele yake. Gia iwe nyepesi kiasi cha kuondoka bila kusimama juu ya pedali, na vidole viwe tayari kwenye breki. Macho yasitazame gurudumu la mbele bali mabega ya mtu wa tatu au wa nne kutoka mbele, kwani mabega huonyesha breki kabla ya magurudumu. Kwenye mteremko wa kwanza, magoti na viwiko vilegezwe, makalio yasogee nyuma ya kiti, na breki zote mbili zibanwe kidogo kidogo.

Akianguka, jambo la kwanza ni kutoka njiani yeye na baiskeli yake. Aliyegonga kichwa asiendelee, hata akijihisi mzima. Dalili za jeraha la ubongo zinaweza kuchelewa, na porini hakuna wa kumwona akilegea.

Wanaoishi kando ya njia

Mbio si za washiriki peke yao. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za ambulensi, vituo vya afya vya kaunti, barabara za kaunti na shughuli za michezo zimo katika majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hivyo waandalizi wanatarajiwa kuzihusisha mapema idara zinazohusika pamoja na polisi, na pale njia inapoingia msituni au hifadhini, Huduma ya Misitu (KFS) au ya Wanyamapori (KWS). Mshiriki ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa ada: ambulensi ziko ngapi na zitakaa wapi? Nani atakuwa kwenye njia panda? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, ada na ibaki mfukoni.

Wakazi wanaombwa kufunga mbwa na kuchunga mbuzi mbali na njia kwa saa zilizotangazwa, na wazazi wawashike watoto mkono. Baiskeli inayoteremka haina mngurumo wa kumwonya mtu kama pikipiki. Ukimya huohuo ni hatari upande wa msitu, ambako ndovu au nyati anaweza kushtuliwa kwenye kona. Ndiyo sababu hakuna mshiriki anayepaswa kuiacha njia iliyowekewa alama, hata kama anaijua ya mkato tangu utotoni.

Wahudumu wa njia ndio wa kwanza kuitwa panapotokea ajali. Mkazi aliye peke yake na majeruhi anaweza kupiga 999 au 112 kwa polisi, au 1199 kwa Msalaba Mwekundu, akataja jina la shule, kanisa au mto ulio karibu.

Limebaki jambo moja, na huonekana dogo hadi jioni ifike. Mtu huchoka kilomita ya ishirini, huona bodaboda, hupakia baiskeli na kwenda nyumbani kuoga. Kwenye orodha ya waandalizi nambari yake bado iko njiani. Gari la mwisho hupita bila kumwona, simu yake haina chaji, na giza likianza kuingia, wahudumu, askari wa misitu na vijana wa kijiji huingia msituni na tochi kumtafuta, huku ambulensi iliyokuwa imemaliza kazi ikizuiliwa kumsubiri. Anayeacha mbio anatakiwa amwarifu mhudumu wa kwanza atakayemkuta, atoe nambari yake, na ahakikishe imekatwa kwenye orodha kabla hajaondoka.